Kufunga umeme na maji mwenyewe katika kijumba cha shambani: nianzie wapi, na niishie wapi?

Mwalimu wa Usambara

Ndugu zangu, habari za leo. Ninajenga kijumba katika shamba nililoachiwa na marehemu baba yangu, nje kidogo ya mji wa Lushoto. Paa limekwisha kuezekwa na kuta zimesimama, lakini ndani hakuna umeme wala maji. Nyumba yenyewe ni ndogo: chumba cha kulala, sebule yenye jiko pembeni, na bafu lenye choo ndani yake. Kuta ni za tofali za kuchoma hadi usawa wa madirisha, na kutoka hapo kwenda juu ni mbao za paini. Nguzo ya umeme iko mita 20 hivi kutoka ukutani. Maji tunayapata kwenye mradi wa kijiji wa maji ya mserereko, ambayo hutoka siku tatu tu kwa wiki, kwa hiyo nimenunua tangi la lita 1,000.

Ninafundisha fizikia sekondari. Kanuni ya Ohm nimeiandika ubaoni kwa miaka mingi, lakini sijawahi kufunga soketi wala kuunga bomba. Ninataka kujifunza, na sababu yangu si kubana fedha. Nyumba niliyokuwa nimepanga hapo awali ilikuwa na sehemu ya ukuta iliyokuwa ikipata joto kila tulipopiga pasi. Fundi aliyeifunga hakupatikana tena, na hakuna aliyejua waya ulipita wapi. Nilikaa na watoto katika nyumba hiyo mwaka mzima nikiupapasa ukuta kwa kiganja kila usiku kabla ya kulala. Katika hiki changu ninataka kujua kila kilichomo ndani ya kuta.

Ninaomba mnieleze ni kazi zipi ninazoweza kuzifanya mwenyewe na zipi nimwachie fundi. Nyaya na mabomba ya ukubwa gani. Tangi niliweke wapi. Na kama ni busara kufunga hita ya umeme ya kuogea, maana mwezi wa saba huku baridi ni kali.

Fundi Mzee, Tanga

Mwalimu, hongera kwa ujenzi. Nimefunga umeme majumbani kwa zaidi ya miaka 30, na ninaomba nianze na mpaka kabla ya ufundi. Hapa Tanzania Bara, kufunga nyaya za umeme katika nyumba ni kazi ya mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na ili TANESCO wakuletee mita ya LUKU, ile ya kununua umeme kabla ya kuutumia, ni lazima fundi wa namna hiyo aithibitishe kazi iliyofanyika. Hilo halikuzuii kushika kazi kwa mikono yako. Mtafute fundi mwenye leseni sasa hivi, kabla hujanunua hata mita moja ya waya, umweleze waziwazi kwamba unataka kufanya sehemu kubwa ya kazi chini ya macho yake. Wapo watakaokataa. Mimi hukubali kwa masharti mawili: mchoro wa saketi tuuchore pamoja kabla ya kuanza, na boksi la breka asiliguse mtu mwingine.

Kazi zako ni kuchimba njia kwenye tofali, kufunga mabomba ya plastiki ya kupitishia waya, yaani kondwiti, kukaza maboksi ya swichi na soketi, kuvuta nyaya, na hata kufunga swichi na soketi zenyewe maadamu nyumba haijaunganishwa na chochote. Kazi zake ni boksi la breka, ethi (waya na chuma cha kupeleka ardhini umeme unaovuja), waya mkubwa wa kwenda kwenye mita, na vipimo. Mita yenyewe na lakiri yake si mali yako wala yake; hapo asiguse mtu.

Sasa fizikia yako itakufaa. Gawa wati kwa volti 230 upate ampea. Birika la wati 2,000 linavuta ampea 8.7, pasi ya wati 1,000 inavuta 4.3, na friji ndogo ikiwa imetulia haifiki hata ampea moja. Taa sita za LED za wati 9 kila moja, zote zikiwaka kwa pamoja, ni robo tu ya ampea. Kwa nyumba hiyo inatosha saketi moja ya taa kwa waya wa 1.5 na breka ya ampea 6, na saketi moja ya soketi kwa waya wa 2.5 na breka ya ampea 20. Namba hizo za waya ni milimita za mraba za shaba, na dukani uutazame waya wenyewe, usisome maandishi ya pakiti tu, kwa sababu kuna nyaya zinazouzwa zikiwa nyembamba kuliko zilivyoandikwa. Waya wa kweli una shaba inayong'aa na hautikisiki ndani ya ganda lake.

Elewa vizuri kwamba breka inaulinda waya, hailindi friji. Nimeitwa katika nyumba nyingi ambazo breka ya 20 ilikuwa ikikatika kila jioni, na mtu akaenda dukani akanunua ya 32 ili apate amani. Breka inayokatika inakueleza jambo. Ukiibadilisha kwa kubwa zaidi, umeliruhusu joto likae ndani ya ukuta bila kukatwa na kitu, na ukuta wako ni wa mbao. Ninashuku kwamba ule ukuta wako wa zamani ulikuwa na mojawapo ya mambo mawili: breka kubwa kuliko waya, au kiungo kilicholegea na kufunikwa kwa plasta.

Kuhusu viungo, fanya kanuni kwamba hakuna kiungo kinachofichwa. Waya unatoka boksi moja hadi jingine ukiwa mzima, na ukilazimika kuunga, unga ndani ya boksi lenye kifuniko kinachofunguka, kwa konekta yenye skrubu, si kwa kusokota na kuzungusha tepu. Menya ganda kama sentimita moja tu. Kwa waya wa 1.5, ikunje ncha ya shaba ijirudie mara mbili ili skrubu ipate kitu cha kushika, ingiza, kaza, kisha uuvute waya kwa nguvu ya vidole. Ukitoka, haukuwa umeshika. Nimefundisha vijana wengi, na kosa linalojirudia kuliko yote ni skrubu iliyokaza juu ya ganda badala ya shaba: kwa macho inaonekana imefungwa, lakini umeme haupiti, au unapita kwa kuruka na kuchoma.

Swichi hukata laivu, yaani waya unaoleta umeme, kamwe isikate nyutro, yaani waya unaourudisha. Ukikosea hapo taa itawaka na kuzimika kama kawaida, nawe utadhani umefaulu. Lakini holda itabaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa, na siku utakapopanda kubadilisha taa ndipo utakapojua. Rangi za sasa ni kahawia kwa laivu, bluu kwa nyutro, na kijani chenye mstari wa njano kwa ethi. Madukani bado kuna nyekundu, nyeusi na kijani za mtindo wa zamani. Chagua mtindo mmoja nyumba nzima usichanganye, maana nyeusi kwa fundi mmoja ni nyutro na kwa mwingine inaweza kuwa laivu.

Kwenye sehemu ya mbao, kila waya upite ndani ya kondwiti, na usiupitishe juu ya mahali utakapoweka jiko la kuni au la mkaa. Piga picha kila ukuta kabla hujauziba, ukiwa umeweka futikamba sakafuni hadi darini ili vipimo vionekane. Hilo ndilo jibu la hofu yako ya kutojua waya umepita wapi, na ni kazi ya robo saa.

Usikubali nyumba isiyo na breka ya kuzuia mvujo, ile inayoitwa RCD, ya miliampea 30. Breka ya kawaida ya ampea 20 haiujui mwili wa binadamu. Umeme unaotosha kuua ni mdogo mno kuifanya ikatike. RCD inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika kiwango hicho inakata mara moja. Ina kitufe cha majaribio. Kibonyeze mara kwa mara.

Kuhusu hita ya kuogea, zile za kufunga kwenye kichwa cha bomba huvuta wati 5,000 hivi, yaani karibu ampea 22, mfululizo, mtu akiwa amelowa maji. Ukiitaka, iwe na saketi yake peke yake, waya wa 6, breka ya ampea 32, swichi inayokata laivu na nyutro kwa pamoja iliyo nje ya bafu, na ethi isiyo na mashaka. Kamwe usiiunge kwenye saketi ya soketi. Ushauri wangu wa dhati ni uutandaze waya huo sasa, lakini hita uinunue mwakani, baada ya kuishi na mfumo wako na kuuamini.

Fundi Bomba, Soni

Dada mwalimu, mimi ni jirani yako wa mlimani, na ninafurahi kuona mwanamke mwenzangu anashika spana. Mzee amekwisha kueleza ya umeme. Upande wa maji una nafuu moja: kosa la bomba linaonekana. Linavuja, unaliona, unafunga koki, unarekebisha. Kwa hiyo hapa unaweza kufanya karibu kila kitu, isipokuwa kuunga kwenye bomba la kijiji. Hapo nenda kwenye chombo chenu cha watumia maji, uandikishwe na uwekewe mita. Ukitoboa mwenyewe utawanyima maji walio chini yako.

Swali la tangi ndilo kubwa, na watu wengi wa huku hulijibu kama watu wa tambarare. Hujenga mnara wa mbao, wakapandisha tangi juu yake, wakasahau kwamba lita 1,000 ni tani nzima. Wewe una mlima. Kila mita moja ya kimo inakupa shinikizo la baa 0.1 tu. Tangi likiwa juu ya mnara wa mita 3 na kichwa cha bomba la mvua kiko mita 2 kutoka sakafuni, unabaki na mita moja, yaani baa 0.1, na utaoga kwa matone. Panda na shamba lako, utafute mahali palipo juu ya paa kwa mita 5 au 6, usawazishe ardhi, ujenge jukwaa la mawe na zege lisilozidi goti, uweke tangi hapo. Chini ya tangi pawe laini kabisa, maana jiwe moja lililochomoza litalipasua plastiki polepole.

Ili kujua kimo bila kifaa cha gharama, chukua mpira mwembamba unaopenyeza mwanga, ujaze maji usiache mapovu, mmoja ashike ncha juu na mwingine chini. Maji yatasimama usawa mmoja. Pima ngazi kwa ngazi ukishuka, ujumlishe.

Kutoka kwenye tangi hadi nyumbani tumia bomba la milimita 25, na matawi ya ndani yawe ya milimita 20. Kwa nje ninapendelea polipaipu nyeusi, kwa sababu inapinda na ardhi na haina viungo vingi. Ifukie kina cha jembe na zaidi, sentimita 50 si nyingi, na juu yake upange vipande vya tofali kabla ya kurudisha udongo. Mabomba ninayoitwa kuyatengeneza mashambani mengi hayakuoza wala kupasuka. Yalikatwa na jembe msimu wa kupanda, na aliyelima hakuwa na habari kwamba kuna bomba. Weka koki tatu: moja mara tu bomba linapotoka tangini, moja linapoingia nyumbani, na moja kabla ya choo. Usisahau boya la kufunga maji tangi likijaa, kwenye mlango wa maji wa tangi, na bomba la kumwagia maji ya ziada lielekee kwenye migomba, si kwenye msingi wa nyumba.

Ndani tumia PPR, yaani mabomba ya plastiki yanayoungwa kwa kuyeyushwa, na hapa ndipo mkono unapohitaji mazoezi. Mashine ya kuchomelea inaweza kuazimwa au kukodishwa. Inapofika nyuzi 260, unaingiza bomba na kiungo kwenye vichwa vyake kwa pamoja, na kwa bomba la milimita 20 unahesabu sekunde 5, kwa la 25 sekunde 7, unachomoa, unaunganisha moja kwa moja bila kuzungusha, unashikilia hadi patulie. Nilipokuwa najifunza niliamini kwamba joto likizidi, kiungo kitakuwa imara zaidi. Nyumba ya kwanza niliyofunga peke yangu ilikuwa na bafu lisilotoa maji. Tangi lilikuwa limejaa na koki zote ziko wazi. Nilikata kona ya mwisho kwa msumeno, nikaichungulia: plastiki ilikuwa imeyeyuka kwa ndani, ikajikunja kama mdomo na kuziba njia hadi ikabaki tundu ambalo penseli isingepita. Nilikata kona zote 11 za nyumba ile na kuzirudia kwa fedha zangu. Kwa hiyo nunua bomba moja la ziada na kona kumi, uchomelee, kisha uzipasue katikati kwa msumeno uone ndani. Unapoona pete nyembamba iliyo sawa pande zote, mkono wako umeiva.

Mahali pa kufunga mabomba ya koki kwa nyuzi za skrubu, zungusha tepu nyeupe ukifuata mwelekeo wa kukazia, mizunguko kumi hivi. Wapo wanaotumia katani na rangi; inafaa kwenye chuma, lakini kwenye viungo vya PPR vyenye nyuzi za shaba ukiijaza mno, kiungo hupasuka.

Kabla ya kuziba ukuta, funga ncha zote kwa vizibo, jaza maji, uyaache yalale humo usiku mzima. Asubuhi pitisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo. Macho hudanganywa na unyevu wa asubuhi wa huku kwetu, lakini karatasi huonyesha hata tone moja.

Maji machafu ndiyo watu huyadharau. Bomba la choo liwe la inchi 4 na mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Kwa sababu mna mlima, utashawishika kuliteremsha kwa kasi kubwa. Usifanye hivyo, maana maji yatakimbia na kuuacha uchafu nyuma. Kila panapopinda weka chemba yenye mfuniko. Kila sinki na tundu la bafu liwe na trapu inayobaki na maji ndani yake, na bomba la choo liwe na bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa, vinginevyo maji ya trapu yatanyonywa na harufu ya karo, yaani shimo la maji machafu, itaingia chumbani kwako. Karo lenyewe liwe angalau mita 30 kutoka kwenye chemchemi au kisima chochote, na liwe upande wa chini. Wapo watu wanaochota maji chini ya shamba lako. Nenda ukaone wanachota wapi kabla hujachimba.

Mkulima wa Limuru

Mwalimu, nakuandikia kutoka Kenya, ambako fundi wa stima naye sharti awe na leseni, na leseni hiyo hutolewa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya huku. Nakuandikia kwa ajili ya jambo moja tu, nalo ni ethi.

Nilifunga nyaya za nyumba ndogo ya mama yangu mimi mwenyewe. Taa ziliwaka, soketi zilifanya kazi, na nilijivunia. Miezi kadhaa baadaye mama alianza kusema kwamba friji inamwasha vidole. Alilieleza jambo hilo kwa upole, kama mtu anayesimulia maumivu ya goti, naye akawa na desturi ya kuifungua kwa kitambaa cha jikoni. Sikulitilia maanani hadi niliporudi nyumbani mwezi wa pili, nikaishika mwenyewe nikiwa peku kwenye sakafu ya simiti.

Nilizima umeme, nikafungua soketi ya friji. Waya wa kijani ulikuwa umekunjwa nyuma ya soketi, shaba yake ikiwa inang'aa kama siku niliyoumenya. Nilikuwa nimeukata mfupi, haukufika kwenye skrubu, nikasema nitaurudia kesho. Friji ilikuwa na hitilafu ndogo ya ndani, na umeme wake haukuwa na njia ya kwenda ardhini isipokuwa kupitia kwa mama. Hata RCD sikuwa nimeweka.

Fundi mwenye leseni niliyemwita alikuta la pili. Chuma cha ethi nilikuwa nimekipigilia chini ya upenu, mahali ambapo mvua haifiki kamwe. Wakati wa kiangazi udongo wa pale ulikuwa mkavu kama unga, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Alikihamishia upande wa nyuma, karibu na maji ya bafu yanapomwagikia, akakizamisha chote na kuacha kichwa tu ndani ya kijishimo chenye kifuniko, ili kiungo kiweze kukaguliwa. Mama bado anaifungua friji kwa kitambaa.

Mwalimu, ukiacha kazi jioni, usiache waya wowote ukisubiri kesho bila kuufungia karatasi yenye maandishi.

Kijana wa VETA

Shikamoo Mwalimu. Niongeze mawili kwa ufupi. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA hutoa kozi fupi za umeme wa majumbani na za mabomba, na wanaosoma humo si vijana peke yao; darasani kwetu tulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akijenga kama wewe. Na iwapo utaona kazi inachukua muda mrefu kuliko ulivyodhani, uliza kuhusu UMETA, yaani Umeme Tayari, kile kifaa kinachotumika katika miradi ya umeme vijijini. Kinakuja kikiwa na breka, soketi na sehemu ya taa, na kinafungwa ukutani bila kutandaza nyaya nyumba nzima. Kwa chumba kimoja au viwili unaweza kuanza nacho wakati ukiendelea kujifunza.

Mwalimu wa Usambara

Marahaba mwanangu, na shikamoo Fundi Mzee. Nimeyasoma yote mara mbili na kuyanakili. Mkulima wa Limuru, nakupa pole wewe na mama, na ninakushukuru kwa kulisema jambo hilo bila kulificha.

Nimempata fundi mwenye leseni aliyekubali masharti yangu. Nina swali moja. Dukani wameniuzia tesita, ile bisibisi yenye taa ndani, na muuzaji amesema inatosha kwa vipimo vyote. Je, ni kweli?

Fundi Mzee, Tanga

Marahaba Mwalimu. Si kweli. Tesita ile inawaka kwa sababu umeme kidogo unapita mwilini mwako. Ukivaa viatu vizito inaweza isiwake ilhali waya una umeme, na haiwezi kukuambia lolote kuhusu ethi. Nunua maltimita yenye sauti. Nyumba ikiwa haina umeme kabisa, gusisha ncha zake mwanzo na mwisho wa kila waya, ukianza na zile za kijani. Inayolia imefika, isiyolia haijafika. Andika kila moja kwenye karatasi. Fundi wako atakuja na mega, apime ganda la nyaya kwa volti 500, na usomaji usiwe chini ya megaomu 1. Mwombe akuonyeshe kioo cha kifaa hicho, usome mwenyewe.

Mwalimu wa Usambara

Ninarudi baada ya wiki saba kuwapa taarifa, kwa kuwa mmenipa muda wenu.

Tangi liko juu ya shamba, chini ya mparachichi wa baba, kwenye jukwaa la mawe lenye kimo cha goti. Kwa mpira wa maji tulipata mita 5.4 kutoka chini ya tangi hadi kwenye kichwa cha bomba la kuogea. Nilichomelea na kupasua viungo 14 kabla sijaridhika na mkono wangu. Vitatu vya kwanza vilikuwa vimeziba kama Fundi Bomba alivyoeleza. Usiku wa majaribio karatasi ililowa mahali pamoja, kwenye koki ya sinki, nami nikaongeza tepu. Karo nililisogeza hadi upande wa pili baada ya kushuka bondeni na kuwakuta watoto wakichota maji kwenye chemchemi ambayo sikuwahi kuijua tangu nizaliwe.

Upande wa umeme, maltimita ililia kwenye nyaya zote isipokuwa mmoja, nao ni wa taa ya bafuni. Nilifungua boksi mara mbili nisione kosa, kwa sababu waya ulionekana umekaza barabara. Mara ya tatu nilimulika kwa tochi kutoka ubavuni, nikaona ncha ya skrubu imezama kwenye ganda la bluu, na shaba iko mbele yake haijaguswa. Niliumenya tena, nikaukunja mara mbili, nikakaza, nikauvuta. Ulilia.

Fundi alikuja na mega, akapima kila saketi, akaniachia nisome kila namba kabla hajaiandika. Alifunga boksi la breka na RCD, chuma cha ethi kikazamishwa karibu na maji ya bafu yanapomwagikia, akasaini. Mita ya LUKU imefungwa juzi. Waya wa 6 wa hita umetandazwa na ncha zake zimefungwa ndani ya boksi lenye kifuniko, na karatasi imebandikwa juu yake. Jana usiku tulipiga pasi nguo za shule za watoto wote wawili, kisha nikaupapasa ukuta. Ulikuwa baridi.